Basi la Kisumu hadi Kigali kutazama Tour du Rwanda: nyota tatu, na miaka 21 iliyosahauliwa

Nianze na pesa, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Shilingi 23,500 kwa kila abiria, kuanzia alfajiri ya Alhamisi hadi usiku wa Jumatatu. Basi dogo la watu 25, chumba cha wawili wawili kwa siku nne, chai ya asubuhi, na "kiongozi mwenye ujuzi wa mbio za baiskeli." Hayo maneno ya mwisho niliyapigia mstari kwa kalamu siku niliyolipa, na nitayarudia.

Jina la kampuni silitaji. Mwenyewe tunakutana soko la Kibuye hapa Kisumu karibu kila Jumapili, yeye akichambua viatu vya mitumba na mimi nikitafuta vyuma vyangu, na mambo yote nitakayosema hapa nimeshamwambia usoni. Waliopanda basi lake wanajua nasema nani.

Pia mjue ni nani anayewaandikia. Mimi nilikuwa boda. Si wa pikipiki, wa baiskeli. Miaka tisa nilibeba watu Kisumu kwa Black Mamba yenye keria niliyoshonea mto wa sponji na ngozi nyekundu, Kondele hadi mjini shilingi kumi, kumi na tano mvua ikinyesha. Kuna mama mmoja niliyempandisha mlima wa Riat akielekea Kiboswa na gunia la omena mapajani, na nilipomfikisha nilikaa chini dakika kumi bila kuweza kutaja jina langu. Serikali ilipoondoa kodi ya pikipiki ndogo mwaka 2008, kazi yetu ilikwisha kama moshi. Sasa nina tuktuk mbili na goti moja linaloniambia hali ya hewa. Lakini mbio za baiskeli bado nazifuata kama wengine wanavyofuata Gor Mahia. Kwa hivyo nilipoona kipeperushi cha safari ya kwenda kutazama Tour du Rwanda, sikuuliza bei mara mbili.

Tulikuwa tuondoke saa kumi alfajiri. Tuliondoka saa kumi na moja na nusu, kwa sababu abiria mmoja alikuwa bado anaoga Nyalenda na ni shemeji ya dereva. Busia tulivuka vizuri. Kwa wasiojua, Mkenya anaingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho tu, huhitaji pasipoti. Kampuni inastahili sifa hapo: karatasi zetu zilikuwa tayari, na kiongozi alitupanga foleni kama watoto wa shule.

Namawojjolo, kabla ya Kampala, ukiteremsha kioo tu vijana wanakuja mbio na kuku wa mishikaki na gonja, yaani ndizi, za kuchoma, kila mmoja ananyoosha mkono mpaka ndani ya basi. Nunueni. Lakini msikubali wawafungie kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki. Mama aliyekaa mbele yangu alibeba gonja zake hivyo hadi mpaka wa Katuna, na upande wa pili, Gatuna, wakamwambia mfuko ubaki pale. Rwanda walipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, sisi tukafuata 2017. Akashuka akashika gonja nane mkononi kama shada la maua. Kiongozi angemwambia mapema.

Kabale kuna baridi. Beba sweta, usiniulize nilijuaje.

Kuna jambo moja la Gatuna ambalo halimo kwenye kipeperushi chochote nami nalipatia nyota nzima. Kenya na Uganda tunapita kushoto. Rwanda wanapita kulia. Basi letu usukani wake uko kulia, kwa hivyo mkishavuka, dereva anakuwa upande wa mtaro na haoni kinachokuja mbele ya lori analotaka kulipita. Utingo akahamia kiti cha kushoto, akachungulia kwa niaba yake. Gizani, kwenye zile kona za milimani, tulisikia tu sauti yake: "Bado… bado… kuna gari… bado… haya, sasa, sasa!" Kilomita zote hizo hadi Kigali hakulala wala hakukohoa. Sijui analipwa ngapi. Aongezwe.

Ijumaa tulipelekwa Gisozi, kwenye makumbusho ya mauaji ya kimbari ya 1994, ambako wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Tulirudi kwenye basi kimya. Kampuni haikupanga chochote mchana ule, na walifanya vyema sana. Malazi yalikuwa safi, maji moto asubuhi tu. Kuhusu usafi wa mji wa Kigali kila mtu keshasema, sina la kuongeza.

Sasa tuje kwenye saa.

Rwanda wako nyuma yetu kwa saa moja. Kwetu ikiwa saa nne asubuhi, kwao ni saa tatu. Jumamosi kiongozi hakugeuza saa yake ya mkononi, tukafika Nyirangarama, kwenye barabara ya kwenda Musanze, mapema kwa saa nzima, chini ya manyunyu. Wengi walinung'unika. Mimi sikuumia, kwa sababu Nyirangarama ni mahali ambapo magari yote husimama, nikanunua chupa tatu za Akabanga, ile pilipili ya mafuta yenye kidoadoa chekundu kinachoweza kuharibu ndoa, halafu nikakuta vijana wa baiskeli.

Wao wanawaita abanyonzi. Ni boda kama tulivyokuwa sisi: keria, mto wa kukalia, kofia, na jicho linalopima uzito wa mteja kabla hajafungua mdomo. Kiswahili chao kilikuwa kidogo na Kinyarwanda changu ni sifuri, lakini nilipogusa keria ya mmoja wao na kuonyesha kwa mkono "mimi pia, zamani," akacheka akanipa baiskeli nijaribu. Nilienda mita hamsini. Goti likaniambia inatosha.

Kisha wakaja wenyewe. Kwanza pikipiki za polisi, magari yenye baiskeli juu, helikopta, halafu mlio. Ukitazama kwenye televisheni husikii ule mlio: ni kama mvua inayokuja juu ya mabati kutoka nyumba ya jirani. Watatu wakiwa mbele, kisha kundi kuu, mmoja wa nyuma amejazia chupa za maji ndani ya jezi mpaka mgongo umekuwa kama wa ngamia, anawapelekea wenzake. Sekunde arobaini, labda hamsini. Kwisha. Kilomita 800 za basi kwa sekunde hamsini, na ningerudia kesho.

Jioni kwenye mishikaki ya mbuzi kiongozi akatusomea historia kutoka kwenye kipeperushi. "Tour du Rwanda ilianza mwaka 2009." Akaendelea na majina ya timu za Ulaya. Mimi nikaacha kutafuna.

Nilimwuliza, "Ndugu, kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo hakukuwa na mbio, mzee."

Sikubishana, kwa sababu nilikuwa na wasiwasi tu, sikuwa na ushahidi. Ushahidi nilipewa kesho yake, na niliupata kwa sababu ya ile ile saa yake. Jumapili aliamua kusahihisha kosa la Jumamosi. Simu yake ilikuwa imejigeuza yenyewe ikasoma saa za Kigali, naye akiamini bado inasoma za Kenya, akapunguza saa moja nyingine. Basi tukafika Nyamirambo tumechelewa. Siku hiyo walikuwa wanapanda Mur de Kigali, yaani Ukuta wa Kigali: barabara ya mawe, kama mita 400 hivi, imesimama kama ngazi. Ni mlima ule ule waliopandishwa mabingwa kwenye mashindano ya dunia ya Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika. Watu walikuwa wameshajaa pande zote mbili, wengine juu ya kuta, watoto juu ya mabega. Wenzangu wakajipenyeza. Mimi na goti langu tukabaki chini, kwenye kibaraza cha duka la chai, karibu na mzee mmoja aliyekuwa na kofia ya kufuma na baiskeli kuukuu imeegemezwa ukutani.

Nyamirambo, kama hujafika, ni mtaa ambao Mswahili hawezi kupotea. Misikiti, chapati, chai ya maziwa yenye tangawizi, na Kiswahili kinasemwa barazani bila kutafutwa.

"Karibu kiti, ndugu yangu," mzee akasema. "Mmetoka Kenya? Nimewaona mnashuka kwenye basi mkikimbia kama mnafukuzwa."

Nikamweleza habari ya saa. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Akaomba kipeperushi, akakisogeza mbali na macho, akasoma polepole kwa kidole. Alipofika kwenye mwaka, kidole kikasimama.

"Elfu mbili na tisa?"

"Ndivyo walivyoandika, mzee."

"Elfu mbili na tisa yalikuja magari mengi na kamera. Mbio zilikuwepo." Akanionyesha kidole gumba. "Themanini na nane. Wa kwanza kushinda, Ndengeyingoma. Célestin Ndengeyingoma. Mwaka uliofuata, Masumbuko Omar. Mimi nilikuwa kijana wa fundi baiskeli hapo chini, Biryogo. Redio iko juu ya kabati la spana, fundi amekataza mtu kugusa kitu chochote chenye kelele mpaka matokeo yasomwe. Hata pampu."

Nataka msomaji aelewe jambo ambalo kiongozi wetu hakulielewa. Zile mbio za 1988 ziliandaliwa na shirikisho la baiskeli la Rwanda lenyewe, na zilikuwa za watu wa ridhaa: watu wa nchi ile na majirani. Wengi hawakuwa na mshahara wa kukimbia wala timu ya Ulaya nyuma yao. Na zilikuwa mbio za hatua. Mbio za hatua si za kuvunja shingo siku moja ukaenda nyumbani. Muda wako wa kila siku unajumlishwa, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi, hata kama hakushinda siku yoyote. Boda anaelewa hili bila kufundishwa. Mteja mmoja hakulipii kodi ya nyumba. Kinacholipa ni jumla ya wiki, pamoja na siku ya mvua, pamoja na siku ya pancha.

Mzee naye alikuwa na njia yake ya kulieleza. Akaivuta ile baiskeli iliyokuwa ukutani, akainua gurudumu la mbele, akaanza kugonga spoki kwa ukucha wa kidole gumba, moja baada ya nyingine, akilizungusha taratibu. Ting. Ting. Ting. Tang. Akasimama. Akarudia ile iliyolia tofauti. Nilikuwa nimeshaisikia kabla hajarudia, maana ndivyo tulivyokuwa tukifanya Kondele kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza.

"Imelegea," nikasema.

"Kumbe wewe ni mtu wa kazi!" Akanitazama upya, kama nimevua barakoa. "Leo hii utaendesha, haina neno. Kesho, jirani yake atalegea kwa kubeba mzigo wake. Kesho kutwa gurudumu linacheza ngoma. Zile mbio za siku nyingi, spoki moja ndiyo inayokutoa. Fundi wangu alikuwa akisema hivyo kila walipopita. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alitaka sana kuingia. Baiskeli yake Jumapili ilikuwa ya kujifunzia mbio, Jumatatu ilikuwa sokoni na mikungu ya ndizi. Tutafanyaje? Tulikaza, tukalegeza, tukakaza."

"Aliingia?"

"Hakuingia." Akanywa chai. "Halafu Oktoba ya tisini vita vikaja kutoka kaskazini."

Mbio zilisimama muongo mzima. Mzee hakusema zaidi kuhusu miaka hiyo, na mimi niliyetoka Gisozi juzi yake sikuuliza. Aliruka moja kwa moja hadi 2001, ziliporudi, na uso wake ukarudi nazo. Akaanza kumsifu Abraham Ruhumuriza, aliyezitwaa mara tano katika miaka hiyo ya kwanza ya kurudi.

"Unajua alikuwa akifanya kazi gani? Munyonzi. Anabeba watu, Butare."

Hapo ndipo nilipoacha kumtazama mzee nikatazama barabara, kwa sababu macho yalikuwa yananiwasha. Mtu wa keria. Mtu wa mto wa sponji. Mara tano! Miaka yote ile mimi napandisha omena Riat, nikidhani mbio za kweli ni za watu wengine.

Akaongeza Adrien Niyonshuti, aliyeshinda 2008, mwaka wa mwisho kabla mbio hazijaingia kwenye kalenda ya kimataifa, na ambaye miaka minne baadaye alibeba bendera ya Rwanda kwenye Olimpiki ya London. Mwaka 2009 zilipokuwa za kimataifa, Mmoroko Adil Jelloul akazichukua. Wanyarwanda wakangoja hadi 2014, Valens Ndayisenga alipozirudisha nyumbani akiwa na miaka 20. Mzee alinionyesha kwa mkono ni wapi alikuwa amesimama siku ile na ni nani aliyemmwagia soda.

Nami sikutaka Kenya ikae kimya. Nikamtajia Suleiman Kangangi wetu wa Eldoret, aliyemaliza wa tatu hapa mwaka 2017. Akamkumbuka mara moja. "Sule! Yule mrefu anayecheka." Alifariki Agosti 2022 kwa ajali katika mbio za barabara ya changarawe huko Vermont, Marekani, na tuliponyamaza kwa ajili yake ilikuwa kama msiba wa mtaa mmoja. Chris Froome, bingwa wa zamani wa Tour de France aliyezaliwa Nairobi, alikuja hapa 2023. Mzee alimwona pia, lakini aliinua mabega tu. Nadhani anapenda watu wa keria zaidi.

Waliposikika wanakuja, akanishika mkono tukasimama juu ya benchi. Kwenye Ukuta hawapiti kwa sekunde hamsini. Pale wanapita mmoja mmoja, polepole, mawe yanawatikisa mashavu, unaweza kusoma namba, unaweza kusikia mtu anavyovuta pumzi. Kijana mmoja Mnyarwanda alikuwa nyuma kabisa, peke yake, na kelele alizopigiwa zilizidi za aliyekuwa akiongoza mbio. Mzee alikuwa akipiga kelele kwa Kinyarwanda na kunitafsiria nusunusu: "Kaza! Ni mawe tu! Ni mawe tu!"

Basi, tathmini. Nyota moja ya karatasi za mpakani na malazi. Nyota moja ya utingo. Nyota ya tatu ni ya barabara yenyewe, ambayo kampuni haikuijenga lakini ndiyo iliyonifikisha. Mbili nimezinyima: moja kwa sababu ya saa, kosa ambalo mtoto wa darasa la nne angelirekebisha, na nyingine kwa sababu ya kipeperushi. Si kwamba napenda kukosoa. Ni kwamba mnawauzia watu wa Kisumu, mji uliobebwa na baiskeli, mbio ambazo miaka 21 zilikuwa za watu kama sisi, halafu sehemu hiyo ndiyo mnayoikata. Kama mngeandika kwamba mshindi wa mara tano alikuwa boda wa Butare, basi la watu 25 lisingetosha. Mngehitaji mabasi mawili na utingo wawili.

Ukienda, Jumapili usikimbilie juu ya Ukuta na wengine. Kaa chini, agiza chai, salimia wazee kwanza. Chapati ni nzuri, na kiti ni bure. Njiani kurudi hakuna la kusimulia isipokuwa chupa moja ya Akabanga iliyofunguka kwenye begi la shemeji ya dereva, na sina hakika kwamba nasikitika.

Jumanne nilipanda ngazi za ofisi yao na kipeperushi nilichosahihisha kwa kalamu nyekundu. Mwenyewe hakuwepo. Binti wa mapokezi alikisoma wima, akakisoma tena, akauliza, "Mzee, hili jina la huyu wa kwanza linaandikwaje vizuri? Wino umemwagikiwa na kitu."

Ilikuwa chai ya Nyamirambo. Nikageuza risiti yangu ya shilingi 23,500, nikamwandikia nyuma yake, herufi kubwa, polepole: NDENGEYINGOMA, 1988.